Funika sufuria kabla ya kununua jiko jipya

Swali: "Ninaishi Makorora, Tanga, katika nyumba ya watu saba pamoja na mama mkwe. Tunapikia mkaa kwenye jiko la bati, na tuna mtungi wa gesi wa kilo 6 wa chai na dharura. Mkaa unakwenda mno: nanunua kwa ndoo, na ndoo haimalizi siku mbili. Natamani tupunguze uharibifu wa mazingira, lakini kila ninachosikia kinataka fedha: jiko jipya, sola, na kadhalika. Mume wangu anasema kupikia umeme kutamaliza LUKU. Jirani anasema mkaa umeshapigwa marufuku. Mama mkwe hataki kusikia wali wa nazi usiopikwa kwa mkaa. Na machicha, makumbi na vifuu nazitupa tu. Nianzie wapi bila kuingia gharama kubwa?"

Dada yangu, umeuliza mengi kwa pamoja, lakini yote yana shina moja: joto unalolilipia linaishia wapi? Kwa jiko la bati, katika kila ndoo tano za mkaa unazonunua, takriban moja tu ndiyo joto lake linafika kwenye sufuria. Nne zinapasha bati, ukuta na hewa ya uani. Hata hiyo moja iliyofika, nyingi yake huruka na mvuke kama sufuria iko wazi. Upotevu huo unaanza kuzuilika kwa vitu vilivyomo ndani tayari: mfuniko, maji ya kulowekea na kapu. Jiko jipya lije baadaye.

Kwanza nimtoe wasiwasi jirani. Katazo la serikali linahusu taasisi zinazolisha watu wengi, kama shule na magereza. Zile zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Nyumba yako haimo. Kinachotuhusu sisi wa majumbani ni Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Basi huvunji sheria kwa kuwasha jiko lako, ila una kila sababu ya kulipunguzia mzigo. Tanuru la udongo la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Ukiokoa kilo moja tu kwa siku, kwa mwezi umenusuru si chini ya kilo 180 za mti. Na kwetu Tanga jambo la miti linarudi hadi bombani. Maji ya mji yanatoka Bwawa la Mabayani, linalojazwa na Mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Mlima ukivuliwa miti, mvua huteremka na udongo, bwawa likajaa tope, na mto ukanywea wakati wa kiangazi.

Sasa tuingie jikoni. Maji yakishachemka yamefika nyuzi 100, na hayapandi tena hata ukiongeza mkaa mpaka jiko liwe jekundu. Maharage yanayochemka kwa fujo na yanayotokota polepole yanaiva kwa muda uleule. Kinachozidi kwenye fujo ni mvuke, na mvuke ndio mwizi mkubwa wa mkaa wako. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 28 hadi 100 kunahitaji takriban kilojuli 300. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba. Ndiyo maana sufuria iliyoachwa wazi saa mbili, ukawa unaiongeza maji kila mara, imekula moto ambao ungechemsha sufuria kadhaa nyingine.

Tumia mfuniko unaokaa vizuri, si sahani inayoyumba. Vizuri zaidi, funika kwa sufuria ndogo yenye maji: mvuke unaogonga chini yake utayapasha, na ukihitaji kuongeza maji kwenye maharage unayo ya moto tayari, mchemko haukatiki. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, toa theluthi moja hadi nusu ya makaa, uyahamishie jiko la pili au debe la kuzimia, kisha sogeza kilango cha jiko kibaki upenyo wa kidole kimoja. Sikiliza: mfuniko ukitetemeka na kupiga kelele, moto umezidi. Ukisikia mtokoto wa chini kwa chini, uache hapohapo. Jiko lililobanwa hewa hutoa gesi ya sumu nyingi zaidi, kwa hiyo likae uani au barazani penye upepo, kamwe lisiwe chumbani.

Maharage ndiyo yanayomaliza mkaa katika nyumba nyingi, kwa hiyo nitayakalia kidogo. Yaloweke saa 8 hadi 12, kikombe kimoja cha maharage kwa vikombe vitatu vya maji, na kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa kila lita. Watu wengi wanaamini chumvi huyafanya magumu. Ndani ya maji ya kulowekea ni kinyume chake: chumvi huondoa kalsiamu inayokaza ganda, na ganda hulainika. Mwaga maji hayo, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Kwa joto letu usipitishe saa 12 bila kubadilisha maji, maana yataanza kutoa povu na kuchacha. Ndimu, ukwaju na nyanya visiingie mpaka maharage yamelainika, kwa sababu uchachu huyazuia kuiva. Magadi yanaharakisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na ukishaloweka vizuri huyahitaji.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wengi wa Tanga hulihangaikia bila kujua chanzo chake. Ukanda wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa, na Mapango ya Amboni ni chokaa hiyohiyo. Maji ya kisima yaliyopita humo huwa na kalsiamu nyingi: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoga mweupe, na maharage yanakaa motoni kutwa yakiwa bado magumu. Kama unatumia kisima, weka maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya kunde na maharage peke yake. Angalia pia umri wa maharage. Yaliyokaa ghalani miezi mingi katika joto na unyevu wa pwani hukomaa vibaya, hata yakilowekwa hayalainiki sawasawa. Nunua ya kutosha wiki mbili tatu tu, usijaze gunia.

Ukishayazoea hayo, tengeneza jiko kapu. Hiki ni chombo cha kuhifadhi joto, chakula kinamalizia kuiva bila moto. Chukua kapu la miyaa au ndoo pana, liwe na nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kila upande wa sufuria yako, na chini pia. Jaza usumba wa makumbi uliochambuliwa na kukaushwa juani siku mbili, au sufi. Tandika kanga nzito juu yake, ukibonyeza umbo la sufuria. Shona mto wa sufi au usumba wenye unene uleule wa kufunika juu. Gharama kubwa hapo ni muda wako tu, na makumbi unayoyatupa yamepata kazi.

Jinsi ya kulitumia: maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 20 yakiwa yamefunikwa, sufuria ikiwa imejaa walau theluthi mbili. Pangusa chini ya sufuria uhakikishe hakuna kaa lililonasa, kwani usumba hushika moto upesi. Ingiza kapuni bila kufunua, gandamiza mto juu, usiguse kwa saa 3 hadi 4. Kisha rudisha motoni, chemsha dakika 10 hadi 15, ndipo utie tui. Usiweke tui kabla ya kapu, maana nazi huchacha haraka. Dakika zile 20 za mwanzo pia usizikate: maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili tu, joto la kapu peke yake haliiondoi. Ukifungua kapu ukaweza kushika sufuria bila kushtuka, joto limeshuka mno. Chemsha upya kikamilifu, na kabla ya siku nyingine tafuta kosa. Mara nyingi usumba una unyevu, mto wa juu ni mwembamba, au sufuria ilikuwa nusu tupu. Na kapu si mahali pa kulaza chakula hadi asubuhi.

Kuwasha na kuzima nako kuna hasara inayofichika. Tafadhali acha kuwashia mifuko ya nailoni na vipande vya plastiki, hata kama kila jirani anafanya hivyo. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta kwanza ni aliyeinama kupepea. Usumba mkavu kiganja kimoja na vipande viwili vitatu vya kifuu vinawasha jiko vizuri. Subiri moshi wa kifuu uishe ndipo uteleke. Ukimaliza kupika, usiache makaa yafe yenyewe wala usiyamwagie maji. Mkaa uliolowa utatumia joto lake la kesho kujikausha. Uhamishie kwenye debe au chungu chenye mfuniko unaobana, ukae nje. Ukikosa hewa unazimika baada ya muda mfupi, na kesho unawaka upesi kuliko mpya.

Jiko banifu lenye kikombe cha udongo ndani ndilo la kwanza kulinunua fedha ikipatikana. Linapeleka kwenye sufuria takriban asilimia 30 ya joto, jiko la bati asilimia 15 hadi 20. Likague dukani: kikombe kisiwe na ufa unaopitiliza, kilango kifunge, na sufuria yako ikae karibu na makaa bila kuyakandamiza. Usilimwagie maji likiwa la moto, udongo utapasuka.

Gesi inahitaji hesabu, si maneno. Mtungi wako wa kilo 6, ukitumiwa vizuri, unaingiza kwenye sufuria joto sawa na takriban kilo 25 za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 16 hivi kwenye jiko banifu. Basi gawanya bei ya kujaza mtungi kwa 25. Ukipata chini ya bei ya kilo moja ya mkaa unayolipa, gesi ni rahisi kuliko mkaa wako wa sasa. Pima mkaa kwa mizani kwanza, kwa sababu ndoo ya leo si ndoo ya jana, na mkaa mwepesi wa chenga unakudanganya kwa ujazo. Mtungi nao upimwe ukinunua: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye shingo au mwili wake, ongeza kilo 6, mizani iseme hivyo. Ninachokiona kwa nyumba nyingi ni kwamba ugumu wa gesi ni kutoa fedha zote kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kidogo kidogo. Kama akiba ya ndoo moja kwa wiki itatokana na mfuniko na kapu, iweke kando, hiyo ndiyo ya kujaza mtungi.

Mume wako hajakosea kabisa. Jiko la koili la wati 2,000 likipikia maharage saa moja na nusu kwa moto wote linaweza kula uniti 3. Lakini sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 ni kitu kingine. Haipotezi mvuke, imefungiwa joto ndani, na inapikia karibu nyuzi 115, kwa hiyo nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa inaiva kwa nusu uniti au pungufu. Mkipika hivyo mara 15 kwa mwezi ni uniti 7 na nusu. Angalieni risiti ya LUKU, mgawanye fedha kwa uniti mlizopata, mlinganishe na mkaa wa mara hizo 15. Kama mko kundi la wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hesabuni msije mkavuka, maana bei ya uniti hupanda. Chai nayo ipelekeeni birika la umeme: uniti moja huchemsha takriban lita 10 za maji, kisha chupa ya chai inashikilia joto asubuhi nzima. Maziwa tu msichemshie humo. Kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya chai peke yake ni hasara.

Kuhusu mama mkwe, usishindane naye. Wali wa nazi wa kupaliwa makaa juu ya mfuniko una harufu na ukoko ambao gesi haitoi, na kapu pia halitoi ukoko. Mwachie huo kwa mkaa, siku za wali. Ila siku ukiwa na haraka, pika wali kama kawaida mpaka tui linakaribia kukauka, funika barabara, uingize kapuni dakika 30 hadi 40 badala ya kuupalia. Mwonjeshe bila kumwambia kwanza ulivyopikwa. Ukitumia sufuria ya presha kwa chochote chenye tui, usijaze zaidi ya nusu, kwani povu la nazi huziba tundu la mvuke.

Machicha wape kuku wakiwa mabichi, siku hiyohiyo. Yanayobaki, pamoja na maganda ya ndizi na mboga, yatie kwenye gunia au ndoo iliyotobolewa chini kwa ajili ya mboji: konzi moja ya taka mbichi kwa konzi mbili au tatu za kikavu, kama majani makavu ya mwembe na usumba uliokatwakatwa. Geuza mara moja kwa wiki. Harufu ya uozo maana yake kumelowa mno, ongeza kikavu. Siafu na sisimizi maana yake kumekauka, nyunyiza maji. Utumbo na mifupa ya samaki visiingie, vitaita paka na panya. Majivu tia machache sana, hasa kama udongo wako tayari una chokaa.

Chenga za mkaa zilizobaki chini ya gunia nazo ni mali. Kilo 5 za chenga zilizopepetwa, uji wa gramu 300 za unga wa muhogo uliopikwa kwa lita 2 za maji, ukande, ufinyange vitonge vya ukubwa wa yai, uanike juani siku 3 hadi 5 hadi kiini kikauke. Uji ukizidi vitatoa moshi, ukipungua vitamong'onyoka. Vinawaka polepole kwa moto mdogo, ndio hasa unaofaa maharage na makande baada ya mchemko wa kwanza.

Sasa yale yasiyofaa kujaribiwa nyumbani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Mtu akiwa karibu na jiko ndani ya nyumba akapata kichwa kizito, kichefuchefu au kizunguzungu, mtoe nje mara moja apate hewa, apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa, tokeni nje, piga Zimamoto 114. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Mpira wa gesi uupake maji ya sabuni kila unapobadilisha mtungi. Ukiona mapovu au nyufa, usiufunge kwa utepe, nunua mwingine. Kabla ya kuleta sufuria ya presha, mwite fundi umeme mwenye leseni akague soketi, na usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na pasi. Na mtoto au mzee anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili akaonwe na daktari. Kupunguza moshi kutamsaidia, lakini hakutibu.

Kwa hiyo wiki hii usibadilishe chochote. Pima tu kwa mizani mkaa wote unaoingia, uandike. Wiki ya pili ongeza mfuniko, kuloweka na debe la kuzimia. Wiki ya tatu ingiza kapu. Baada ya hapo utakuwa na namba zako mwenyewe, na mume wako ataweza kukaa nawe kuamua kama fedha iende kwenye jiko banifu, mtungi au sufuria ya umeme.